Mchunge Mwenzako

Kwako Kaka,

Salamu nyingi zitangulie, na pole kwa kazi. Natumaini karatasi hizi zinakukuta mzima, kifua kimeacha kukubana, na Shemeji na watoto hawajambo. Mama naye vipi? Magoti yanamruhusu kupanda ngazi, au bado anasimama chini na kuita majina yetu mpaka majirani waitikie? Mimi huku ni mzima, isipokuwa miguu. Nikiamka asubuhi natembea kwa kushika ukuta, na kilichoiponza miguu hiyo ndiyo habari ya barua hii.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo na tunakaribia kurudi. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe huuliza ukajijibu mwenyewe, na mimi hubaki na ndiyo Kaka, sawa Kaka. Haya nataka uyasome mpaka mwisho bila kunikatiza. Anayekuletea ni mwenzetu wa kampuni nyingine, mafunzo yao yameisha kabla ya yetu. Bahasha nimeibandika gundi, halafu nikaibandika tena juu ya gundi ya kwanza. Ukiona pembe yoyote imeinuka, niambie.

Siku ile ya kuondoka uliniita stoo ukafunga mlango, ukanivuta nyuma ya rafu za nyaya. Ukaniambia umetudhamini wote wawili, mimi na fundi mwenzangu Spana, na kwamba meneja hakumung'unya maneno: tangu wale mafundi walipopelekwa mafunzo nje wakatokomea hukohuko, safari hii mmoja akikosa kurudi, mdhamini naye anakabidhi funguo za stoo na kwenda nyumbani. Ukasema kwangu mimi huna wasiwasi kwa kuwa ni damu yako, lakini Spana ni mtu baki, mpole kupita kiasi, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukaniambia nimchunge. Nilitoka mle kichwa kimevimba, maana tangu uniingize kazini hukuwahi kunikabidhi jambo zito kuliko kubeba maboksi.

Basi nilimchunga, Kaka. Nilianza tangu uwanja wa ndege, pale mzani ulipolalamika juu ya begi lake. Tunakwenda mafunzo ya lifti, vifaa vyote wanatoa wenyeji, na mwenzangu amebeba spana zake zote, bisibisi, koleo, hata ile drili yenye mkanda wa plasta. Nilimwuliza kama anakwenda kujifunza au kuhama. Akasema ati vifaa vikiachwa karakana huota miguu. Nikacheka naye, lakini moyoni nikaweka alama.

Bwenini tulipewa chumba kimoja, vitanda viwili na dirisha moja. Kila jioni baada ya kula Spana alitoka na simu kwenda kwenye ngazi. Nilikuwa nikijitia kwenda kuchota maji ya kunywa, nikipita taratibu na chupa yangu, na kila mara akiniona alishusha sauti, akasema haya nitakuarifu, akakata. Nilipomwuliza alisema anaongea na mkewe. Kaka, mkewe mimi namjua. Ukiongea na yule mama kazi yako ni kuitikia tu. Huyu kwenye ngazi alikuwa anaeleza, kirefu, kwa vituo, kama mtu anayetoa ripoti. Nikasema hapo pana mtu wa upande wa pili anayempangia njia.

Halafu ukaja mlima. Unaonekana kwenye dirisha letu, asubuhi mweusi, mchana wa kijani, kilele kikiwa wazi mara chache. Mlinzi wa bweni anasema mpaka wa nchi unapita mgongoni mwake. Kuna njia ya miguu inayoteremka upande wa pili hadi mji mwingine, na huko ati makampuni ya lifti humwajiri fundi kwa kumtazama mikono, makaratasi baadaye. Watu wamepita hapo, wengi tu, na sasa wanajenga kwao. Siku chache baada ya kusikia hayo, Spana akaketi kitandani na kuniambia kwamba siku ya mapumziko anataka tupande mlima.

Hebu fikiri mwenyewe. Huyu ni mtu ambaye pale kazini lifti ikiwa imezimwa kwa matengenezo, na yeye ndiye aliyeizima, hukaa chini kuisubiri kuliko kupanda ngazi ghorofa mbili. Mlima wa nini? Nilimwuliza, akasema ni vizuri kuona mambo. Mambo gani? Akasema mambo tu. Nikakubali upesi, maana nilijua nikikataa atakwenda peke yake, na hapo stoo yako imeshapata mtu mwingine.

Jioni ile alipokwenda kuoga nilifungua begi lake. Usinihukumu mapema. Pasipoti ilikuwa chini kabisa, imeviringishwa kwenye soksi. Niliichukua nikaiweka kwenye mfuko wa ndani wa shanta langu. Sikuhesabu kuwa nimeiba. Sisi kabla ya kuingia kwenye shimo la lifti huifungia swichi kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa fundi mwenyewe, mtu asije akawasha ukiwa ndani. Niliona nami nimefunga swichi. Yangu ilikuwa salama kwenye koti, zipu imefungwa, sikuona haja ya kuigusa.

Asubuhi tulikutana na mwongoza njia, mama mmoja mfupi, mkavu, ana filimbi shingoni. Alitutazama mabuti yetu ya kukodi na glavu zetu za kazini akashika mdomo. Kisha akasema kila mtu awe na pasipoti yake, maana kule juu kwenye kibanda askari wa mpaka hukagua. Macho yangu yalikuwa kwa Spana. Nilitegemea ashtuke, ajipapase, arudi chumbani mbio. Wapi! Alipiga kifua chake mara moja akasema anayo. Mimi ndiye niliye nayo, na yeye anasema anayo! Nikasema huyu ana nyingine, ya kughushi, na jambo hili ni kubwa kuliko Kaka anavyodhani.

Tukaanza kupanda, na hapo pakawa na kichekesho. Mimi nilitaka kukaa nyuma ili nimwone. Yeye naye akawa hataki kutangulia. Nikisimama kufunga kamba ya buti, anasimama kutazama ndege. Akijitia kunywa maji, nami nasikia kiu. Njia ni nyembamba, ya mtu mmoja, lakini sisi tulikwenda bega kwa bega tukisukumana vichakani, mmoja anakwaruzwa kushoto na mwingine kulia. Mama wa filimbi aligeuka akauliza kama kwetu watu hutembea hivyo. Tukamwambia ndiyo.

Kaka, mlima ni mgumu. Picha zinatudanganya. Mwanzo kuna miti na kivuli, unajisifu, unaongea. Miti ikiisha na maneno nayo yanaisha. Buti lilinila kisigino, mapaja yakatetemeka, pumzi ikawa inaingia nusu na kutoka nzima. Spana aliegemea jiwe akasema mwenye jengo hili ni mchoyo, kaweka ghorofa zote hizi akaacha kuweka lifti, na mama wa filimbi alipoelewa alicheka hadi akakohoa. Nilicheka pia. Nataka nikuambie kwamba nilikuwa na furaha. Niligeuka nikaona bweni letu limekuwa dogo kama kiberiti, upepo unanipiga usoni, na hapakuwa na mtu hata mmoja anayenijua kuwa ni mdogo wa mtu wa stoo. Sijui kama utanielewa hapo. Nilifurahi, kisha nikakumbuka kazi yangu nikarudi kumtazama Spana kwa jicho la pembeni.

Karibu na juu kuna mahali njia inagawanyika. Mkono mmoja unakwenda kwenye kibanda cha askari, mkono wa pili unateremka ng'ambo. Mama wa filimbi alitutangulia kwenda kibandani, akatuambia tufuate mawe yaliyopakwa rangi nyeupe. Hazikupita dakika, ukungu ukashuka. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Ulikuja kimyakimya, nikanyoosha mkono nisione glavu. Spana alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, na mara hayupo. Nikajua saa yenyewe imefika. Nilitega sikio nisikie mabuti yakiteremka ng'ambo.

Ukungu ulipofunguka kidogo nilimkuta palepale nilipomwacha. Amekaa juu ya jiwe, mikono kwapani, midomo imebadilika rangi kwa baridi. Hakuwa amesogea hata kidogo. Alinitazama, akainuka, tukafuata mawe meupe.

Kibandani palikuwa na jiko la kuni na askari wawili. Mmoja mwenye masharubu akaomba pasipoti. Nilimpisha Spana, nione hiyo ya kughushi. Spana naye akanipisha mimi. Nikamwambia tangulia wewe mkubwa, akaniambia aa, wewe ndiye mwenye haraka. Askari alichoka, akanyoosha mikono yote miwili. Tukaweka kwa pamoja, mimi nikitoa ile ya kwenye shanta, ili askari aione ya kweli kando ya ile ya kughushi. Akaifungua aliyopewa na Spana, akamtazama Spana, akanitazama mimi. Akaifungua niliyompa mimi, akafanya vilevile. Kisha akamwuliza mama wa filimbi kama hawa watu wanafahamiana.

Niliinama nikaona sura yangu kwenye mkono wake wa kulia. Sura yangu mimi, Kaka, iliyotoka kifuani kwa Spana! Nilipapasa koti langu, zipu imefungwa vizuri kabisa, ndani hamna kitu. Mama wa filimbi alicheka hadi akakaa chini kwenye kuni. Yule askari hakucheka. Alituuliza nani kamwibia nani, na kwa lugha yetu ya kubabaisha hatukuweza kueleza lolote la maana, tukabaki tunaonyeshana vidole. Mwisho alibadilisha mwenyewe, akampa kila mtu ya kwake, akatuambia tukae mbali na meza.

Tulikaa pembeni ya jiko, nikamvaa Spana. Nilimwuliza kilichompeleka kwenye koti langu. Akaniuliza kilichonipeleka kwenye soksi zake, maana alizikuta tupu kabla hatujatoka. Nikasema nimeagizwa. Akanitazama kwa namna ya huruma, akasema hata yeye. Akasema siku ya kuondoka ulimwita stoo, ukafunga mlango, ukamvuta nyuma ya rafu za nyaya. Ukamwambia huna wasiwasi naye yeye, ni mtu mzima na mwenye familia, lakini huyu mdogo wako anacheka na kila mtu, upepo ukivuma kidogo anakwenda nao, kwa hiyo amchunge. Pale ngazini jioni hakuwa anaongea na mkewe. Alikuwa anaongea na wewe. Nimekula nini, nimetoka na nani, nimelala saa ngapi.

Nilikasirika, Kaka, sitakuficha. Nilikasirika hadi nikalia, na nikasingizia moshi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Siku zote hizo nilimpekua mwenzangu nikaona ni haki, nilipojua nimepekuliwa mimi nikaona ulimwengu hauna adabu. Niliapa nikirudi sitakusalimu. Nikamwuliza Spana, basi na mlima ulikuwa wa nini kama si kutoroka?

Akanijibu taratibu, kwa kuwa yeye ni mtu wa taratibu. Akasema alinisikia nikimwuliza mlinzi kuna nini nyuma ya mlima. Alinisikia siku ile, akanisikia na siku nyingine. Alikuwa akiniona asubuhi nimesimama dirishani na mswaki mdomoni, siswaki, natazama tu. Akaona kwamba mlima huu nitaupanda, akiwapo asiwapo, na ni afadhali nikaupande naye.

Sasa nifike pale ambapo kalamu haitaki kwenda. Kule juu nimekuandikia kwamba ukungu ulinipotezea Spana. Si hivyo. Ukungu ulimpotezea Spana mimi.

Wewe ni mtu wa stoo, hujawahi kushuka shimoni, kwa hiyo nikueleze. Mafundi wawili wakiwa kwenye shimo la lifti, mmoja juu na mwingine chini, hawaonani. Wa juu kabla ya kugusa chochote huita, upo? Wa chini hujibu, nipo. Asiposikia jibu, hagusi kitu na haondoki mahali pake, kwa sababu hajui mwenzake yuko wapi na hatua yake moja inaweza kumwua. Hilo hatuchezi nalo. Fundi anaweza kulewa, anaweza kuchelewa, lakini akiitwa shimoni hujibu. Anayenyamaza kwa makusudi hakuna atakayeshuka naye tena.

Ukungu uliposhuka nilipiga hatua kwenye njia inayoteremka ng'ambo. Kisha nikapiga nyingine. Nilikuwa sijakusudia, na nilikuwa nimekusudia, sijui niseme vipi. Nilikuwa na shanta, nilikuwa na mikono yangu ya fundi. Nilijiambia hapa hakuna atakayejua, na huko chini nitakuwa mtu mpya, nitapata kazi ambayo hakuna aliyeniombea. Ndipo nikamsikia akiita nyuma yangu. Upo? Akanyamaza kidogo. Upo?

Nilimsikia vizuri, Kaka. Sikujibu.

Aliita tena, na tena. Hakuita kwa hasira, aliita kama tunavyoitana kazini, kwa sauti ileile. Nilisimama nimeshika jiwe, nikawaza stoo yako, nikawaza Shemeji na watoto, na nitakuwa mwongo nikisema hayo yalinirudisha, maana niliyawaza na bado nikapiga hatua nyingine. Kilichonirudisha ni kwamba hakuacha kuita. Mimi nilidhani atakwenda kibandani kumtafuta yule mama, au atapiga kelele, au atanifuata, na lolote kati ya hayo lingenipa nafasi. Hakufanya. Alikaa kwenye lile jiwe kama kanuni inavyosema, anaganda, anaita, anasubiri jibu. Nikageuka nikapanda kurudi, nikamkuta hivyo nilivyokuambia. Naye hajaniuliza nilikuwa wapi mpaka leo.

Nilipofika kibandani na kuona pasipoti yake kwenye mkono wa askari ndipo nilipoelewa vizuri nilichotaka kufanya. Ningevuka mpaka na sura ya mtu mwingine kwenye shanta langu, nimemwacha yeye mlimani hana cha kumrudisha kwa mkewe. Mimi ndiye niliyetumwa kumlinda asitoroke.

Kuna jingine unalopaswa kujua. Jioni ile tuliporudi bwenini alitoka kwenda kwenye ngazi kama kawaida, lakini safari hii alinishika mkono twende wote. Akakupigia. Utakumbuka alivyokuambia: mdogo wako hajambo, tumepanda mlima, ameupenda sana, ila baridi tu. Ulicheka, nilikusikia. Nilikuwa nimekaa kando yake, bega langu limegusa lake. Hakusema lingine. Usimlaumu kwa kukuficha, nadhani aliniachia mimi niseme, na hii ndiyo nasema.

Tunarudi, Kaka. Wote wawili, kwa ndege ileile, siku ileile. Pasipoti yangu nimemrudishia Spana kwa mkono wangu mwenyewe na kumwomba akae nayo. Alikataa, akasema sasa haina haja. Nikamwambia ipo, kwa sababu mlima bado unaonekana dirishani na mimi najijua. Akaipokea, akaiweka kifuani, tukaenda kula.

Nisalimie sana Shemeji, mwambie ile kofia aliyonifumia ndiyo iliyookoa masikio yangu. Wasalimie watoto mmoja mmoja, usiwape salamu za jumla kama unavyopenda. Mama mwambie nimepanda ngazi kubwa kuliko zote na magoti yangu sasa ni ndugu ya magoti yake. Huyu anayekuletea barua nimemkagua sana kwa macho kabla ya kumpa, maana siku hizi simwamini mtu, na nikajiuliza kama naye hukumwita nyuma ya rafu. Kama ulimwita, mpe chai tu aende.

Nawe, kama hasira zimekupanda, nangojea unipokee nazo, ni haki yako. Lakini naomba nami nikuulize jambo moja na usinijibu kwa simu. Siku ile stoo uliniambia nimchunge mwenzangu, ukamwambia mwenzangu anichunge mimi, na mimi hukuniuliza kama nitarudi. Ungeniuliza, tena ukinitazama, nisingeweza kukudanganya. Naona na wewe ulilijua hilo, ndiyo maana hukuuliza.

Ni mimi mdogo wako,
nipo.